Breka inalinda waya, si wewe

Ami yangu amehamia nyumba yake mpya Fuoni, Unguja. Tulipokwenda kumpa hongera, kabla hatujaonyeshwa hata chumba kimoja, alitupeleka nyuma ya mlango wa ukumbi, akafungua kisanduku cheupe ukutani na kutuonyesha breka zake nane, zimepangika kama meno. "Humu," akasema, "hata mtoto akitia kijiko kwenye soketi, breka inaruka. Hapa hafi mtu kwa umeme."

Nilizisoma moja moja. Ya mwanzo ilikuwa swichi kubwa ya kuzimia nyumba nzima. Saba zilizobaki zilikuwa za kulinda waya. Ya kumwokoa yule mtoto na kijiko chake haikuwamo.

Siku ya hongera si siku ya kumtia mtu simanzi, nikanyamaza. Lakini kauli ya ami naisikia kila pahala: barazani, kwenye daladala, matangani. Ikitoka habari ya mtu kukamatwa na umeme au nyumba kuungua, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Kwani hawakuwa na breka?" Mara nyingi walikuwa nazo. Tatizo ni kwamba neno hili moja tumelibebesha vifaa vinne au vitano ambavyo kazi zao hazifanani, na aliye na kimoja anadhani anavyo vyote.

Tuanze na maneno mawili. Volti ni msukumo, ampea ni wingi. Chukua mfano wa tangi la maji juu ya paa: kimo cha tangi ndicho kinachosukuma, na kinachotoka bombani ndicho unachokinga kwa ndoo. Umeme wa majumbani kwetu unasukumwa kwa volti 230 hivi. Wingi wake unategemea ulichochomeka. Gawanya wati zilizoandikwa kwenye kifaa kwa 230, utapata ampea. Birika la wati 2,200 linavuta ampea 9.6, taa ya LED ya wati 9 haifiki hata sehemu ya ishirini ya ampea moja. Umeme huja kwa waya wa laivu na kurudi kwa waya wa nyutro. Waya wa tatu, ethi, siku za kawaida umelala tu. Unangoja siku ya balaa.

Breka ya waya

Ile breka nyembamba iliyozagaa katika kila kisanduku, imeandikwa C16 au B32 au C20, mafundi huiita MCB. Mimi nitaiita breka ya waya, kwa sababu ndicho kitu pekee inachokijali.

Ndani yake mna walinzi wawili. Wa kwanza ana subira: ni kipande cha metali mbili tofauti zilizogandishwa pamoja. Umeme ukizidi, kipande kinapata moto, metali moja inatanuka kuliko mwenzake, kipande kinapinda, na kikishapinda vya kutosha kinafyatua breka. Wa pili hana subira hata chembe. Ni koili inayogeuka sumaku kali pale umeme unapopanda ghafla, kama laivu ikigusana na nyutro. Hiyo ndiyo shoti. Mamia ya ampea hupita kwa mkupuo, na koili hufyatua kwa sehemu ya mia ya sekunde, kabla hujaufahamu mshindo wenyewe.

Namba, basi, ni ampea. Herufi inaeleza ukali wa yule asiye na subira: B hufyatua umeme ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. Pampu ya kisima na kiyoyozi hunywa umeme mwingi kwa sekunde chache vinapoanza, ndiyo maana hupewa C ili breka isishtuke bure. D ni ya mashine nzito. Kama fundi amekuwekea D kwenye taa za chumbani, muulize anakusudia nini.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba breka ya 16 haikati ikifika 16. Kwa kiwango kinachofuatwa na watengenezaji, inaruhusiwa kubeba mara 1.13 ya namba yake, yaani ampea 18, kwa saa nzima bila kufyatuka. Ikifika mara 1.45, ampea 23 na kidogo, ni lazima ikate ndani ya saa moja. Saa moja! Yule mlinzi mwenye subira ana subira kweli kweli, na amefanywa hivyo makusudi, kwa kuwa waya mzuri unaweza kuhimili joto hilo kwa muda huo.

Hili nililijua kwa gharama. Nyumbani kwetu, usiku wa kuamkia Idi, pasi ya wati 1,200 ilikuwa inanyoosha kanzu za watu sita, birika la 2,200 halipoi, na jiko la koili mbili la wati 2,000 limetereka sufuria ya tambi na ya nyama. Jumla wati 5,400, ampea 23.5, zote juu ya breka moja ya 16. Baada ya kama nusu saa, tak! Kiza. Tukairudisha, ikakata. Tukairudisha tena, ikakata tena, safari hii upesi zaidi kwa sababu bado ilikuwa na moto. Idi ilipopita tukamwita fundi. Akaitazama, akasema, "Breka yenyewe dhaifu hii," akatia ya 32. Tulimshukuru, na tukamlipa.

Miezi kadhaa baadaye chumba kikaanza kunuka mpira ulioungua. Nyuma ya soketi ya jikoni waya ulikuwa umebadilika rangi na ganda lake limekuwa kama ubani uliotiwa kwenye chetezo. Ulikuwa waya wa milimita 1.5, unaofaa taa, nao haustahili kubebeshwa ampea 23 kila jioni. Breka ya 16 ilikuwa inasema kweli. Ile ya 32 haikusema neno, maana kwa hesabu yake 23 ni kidogo.

Namba ya breka ni kama alama ya mzigo iliyochorwa ubavuni mwa chombo. Chombo kikizama mpaka kwenye alama, unapunguza abiria. Ukiifuta alama na kuichora juu zaidi, chombo hakijakua. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuhadithiwa mwisho wa safari hiyo. Kwa kawaida waya wa 1.5 hupewa breka ya 6 au 10, na wa 2.5, wa soketi, hupewa 16 au 20. Jiko kubwa la umeme lina waya wake mnene peke yake na breka yake. Anayetaka breka kubwa anunue kwanza waya mkubwa.

Kwa nini haikuoni

Sasa turudi kwa mtoto na kijiko. Mwili wa mtu hupitisha umeme kwa shida, na ugumu huo hubadilika: ngozi kavu huuzuia zaidi, iliyolowa huuachia. Ugumu huo ndio upinzani, na kipimo chake ni omu. Tuseme upinzani wake ni kati ya omu 1,000 na 2,000, makadirio ya kawaida kwa volti hizi. Gawanya 230 kwa namba hizo: unapata kati ya ampea 0.115 na 0.23. Ile globu ya zamani ya wati 60, yenye uzi unaong'aa, ilikuwa ikivuta 0.26.

Maana yake, mtu anayekufa kwa umeme anavuta umeme pungufu ya globu moja. Breka ya 32, au hata ya 6, ikiuona umeme huo inadhani mtu kawasha taa.

Na mwili hauhitaji kiasi hicho ili upate madhara. Zikipita kama sehemu 10 tu za elfu za ampea moja mkononi, misuli hujikaza na vidole hushindwa kuachia. Ndiyo maana tunasema umeme "umemkamata", na wazee wakasema umeme una uvutano. Umeme hauvuti. Ni misuli yako mwenyewe inayokushikilia. Zikifika sehemu 30 za elfu na zaidi na kuendelea kupita kifuani, moyo uko hatarini kupoteza mdundo wake.

Breka ya mtu

Kifaa kinachokuangalia wewe huitwa RCD, na dukani huandikwa RCCB. Ni kipana zaidi ya breka ya waya, na kina kitufe kidogo chenye herufi T au neno TEST. Kama kisanduku chako hakina kitufe hicho popote, basi hunacho, hata breka ziwe thelathini.

Hakipimi umeme ni mwingi kiasi gani. Kinalinganisha. Fikiria mwenye mashua anayepeleka wageni kisiwa cha Changuu. Asubuhi kawashusha ishirini. Jioni anawahesabu wanaopanda. Wakiwa ishirini, twende. Wakiwa kumi na tisa, hang'oi nanga, kuna mtu kabaki. RCD huhesabu hivyo hivyo umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, saa zote, bila kuchoka. Vinavyotoka na vinavyorudi vikiwa sawa, kimya. Kikikosekana kiasi cha sehemu 30 za elfu za ampea, maana yake umeme umepata njia nyingine ya kwenda ardhini, na njia hiyo huenda ikawa ni mtu. Hapo inakata nyuzi zote mbili. Kiwango kinaitaka ikate kabla ya sehemu 3 za kumi za sekunde, na pengo likiwa mara tano ya hapo, ndani ya sehemu 4 za mia.

Utashtuka. Utapiga ukelele, na pengine utaangusha ulichoshika. Haizuii umeme usikuguse. Inaufupisha muda wa kukugusa. Na ina upofu wake: mtu aliyesimama juu ya ubao mkavu akashika laivu kwa mkono huu na nyutro kwa mkono ule, yeye kwa RCD ni birika tu, kwa sababu abiria wote wanarudi mashuani. Wala haioni mzigo ukizidi. Yenyewe peke yake, bila breka za waya mbele yake, itaiacha nyumba iungue.

Dukani utakutana na majina yanayochanganya. RCBO ni breka mbili ndani ya ganda moja, ya waya na ya mtu. Nzuri sana, ila bei yake kali. ELCB ni jina la kifaa cha kale kilichokuwa kikipima volti kwenye waya wa ethi, lakini mafundi wengi wameendelea kuiita hivyo RCD yoyote. Usigombane nao. Soma maandishi: unatafuta 30mA au 0.03A, yaani zile sehemu 30 za elfu za ampea. Zipo za 100mA na 300mA. Hizo husaidia dhidi ya moto kwenye nyaya, na kwa mwili wa mtu zimechelewa mno. Ile swichi kubwa ya mwanzo, ya 63 au 100, hailindi chochote. Ni ya kuzimia tu.

Habari ya maweni

Wapo wanaosema, "Mimi nina ethi, RCD ya nini?" Wazo la ethi ni zuri: laivu ikichubuka ndani ya friji na kugusa bati lake, waya wa ethi uupeleke umeme chini kwa kishindo, breka ya waya idhani ni shoti, ikate. Lakini kishindo hicho kinahitaji njia pana. Nyumba ambayo ethi yake ni nondo ya shaba iliyopigiliwa uani inategemea udongo uliopo hapo uani.

Na udongo wetu si mmoja. Wenye mashamba ya udongo wa kinongo huko katikati na magharibi ya Unguja wanajua jembe linavyozama. Nenda Makunduchi, Jambiani, Paje au Micheweni kule Pemba, kwenye uwanda na maweni, ujaribu kupigilia nondo ya mita moja na nusu: inagonga jiwe la matumbawe na kurudi nyuma. Nimemwona fundi kwa macho yangu akiipiga futi moja, akaikata iliyobaki kwa msumeno, akaifukia na kuondoka. Juu ya ardhi hutajua tofauti.

Tuseme nondo hiyo, kwenye jiwe kavu, ina upinzani wa omu 100. Friji ikichubuka waya, 230 gawanya kwa 100 ni ampea 2.3. Breka ya B32 inataka angalau ampea 96, na kwa uhakika 160, ndipo ifyatuke papo hapo. Kwa 2.3 haitafyatuka leo, kesho wala mtondo. Bati la friji litabaki na umeme karibu wote, likimngoja anayetoka kukoga miguu ikiwa majimaji akafuate maji baridi. Ili breka ya waya ikate kwa uhakika, nondo ingepaswa kuwa chini ya omu moja na nusu, na hata kwenye kinongo chenye rutuba usitarajie hivyo kwa nondo moja.

Sasa iweke RCD. Inahitaji sehemu 30 za elfu za ampea tu, na hapo zinapita ampea 2.3 nzima. Inakata mara moja, kabla mtu hajalifikia friji. Hata nondo ikiwa mbaya kwa omu 1,000, bati haliwezi kubaki na zaidi ya volti 30 bila RCD kukata. Kwa hiyo huko kwenye mawe, ambako watu husema "ethi yenyewe haishiki, tutafanyaje", ndiko RCD inakohitajika kuliko kokote. Piga nondo kwa uwezo wako wote, izamishe pahala penye unyevu, na bado uitie RCD.

Kuna uharibifu mwingine tunaoufanya sote. Chaja ya pini mbili haiingii kwenye soketi ya pini tatu, basi tunachukua kalamu, tunaizamisha tundu la juu, vilango vya ndani vinafunguka, chaja inaingia. Tundu lile ni la ethi, na vilango vimewekwa ili mtoto asiweze kutia kijiko. Kila siku tunawafundisha watoto namna ya kuvifungua.

Vinavyopita bila kuonekana

Yapo mambo ambayo breka zote mbili hazitayaona. Kubwa kwetu ni skrubu iliyolegea. Hewa ya chumvi inakula shaba, skrubu inalegea, mguso unakuwa mdogo, na mguso mdogo una joto. Umeme unaopita ni ule ule wa kila siku, unatoka sawa na kurudi sawa, lakini plastiki inayeyuka polepole. Soketi ikiwa na moto ukiigusa, au ikilia tsss, izime na mwite fundi, breka haitakwambia. Kuna breka za kisasa zinazosikiliza cheche za namna hii, ila kwenye visanduku vya majumbani hapa bado ni adimu.

La pili ni msukumo kupanda: radi za masika, au umeme unaporudi baada ya kukatika. Breka ya waya inahesabu ampea, ya mtu inalinganisha, hakuna inayopima volti. Runinga ikiungua umeme uliporudi, breka haina kosa. Kazi hiyo ni ya kizuia radi kinachofungwa kwenye kisanduku, na kwa friji ni kile kilinzi kinachosubiri dakika chache kabla ya kuliwasha.

Na RCD yako ikianza kukata ovyo wakati wa mvua, usiiondoe. Ina inachokiona: taa ya nje iliyoingia maji, hita ya bafuni ambayo koili yake imepasuka, ekstensheni iliyolala uani. Chomoa kila kitu, kabisa, usizime swichi tu, kwa sababu swichi na breka ndogo huacha nyutro ikiwa imeungwa na kosa linaweza kuwa huko. Rudisha RCD, kisha chomeka kimoja kimoja. Kitakachoiangusha ndicho mgonjwa. Ikianguka na hakuna kilichochomekwa, ugonjwa umo ukutani, na hapo ni kazi ya fundi mwenye kipimo.

Nilimrudia ami wiki mbili baadaye, wageni hawapo, nikamweleza. Alikunja uso kwanza. "Kwa hiyo fundi kaniibia?" Nikamwambia hapana, breka zake ni nzuri, waya wake ni wa saizi, ila kuna mlinzi mmoja hakuajiriwa. Akamwita fundi yule yule, wakatia RCD ya 30mA baada ya swichi kubwa. Nikamwonyesha kitufe. Nikamwambia akibonyeze kila baada ya miezi mitatu, maana chuma kisichotikiswa hapa pwani hukwama, na kwamba kitufe kinapima mashine tu, hakipimi nondo ya uani.

Akakibonyeza palepale. Tak! Feni ikapunguza mwendo, redio ikanyamaza.

"Umeme ushakatika tena!" akapiga kelele Bi Mkubwa kutoka jikoni. "Na mkate wa mofa uko jikoni!"

Ami akanitazama, akacheka, akairudisha juu haraka.